Tulihesabu Kutoka Ijumaa

Mjukuu wangu aliniuliza juzi kwa nini Jumamosi ikaitwa Jumamosi, nami nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili. Nilimwambia akaulize skuli, ndiko wanakolipwa mshahara kwa maswali hayo. Akaenda zake uani kanuna, na mimi nikabaki jikoni nikijisuta. Mtoto ana haki ya kuuliza. Mimi mwenyewe niliuliza nilipokuwa na umri wake, nikajibiwa vizuri, tena na mtu aliyekuwa na kazi mkononi. Basi nataka niyaandike majibu niliyopewa, na yaliyotufika baadaye, ili akiwa mkubwa ajue kwamba hasira zile hazikuwa zake.

Aliyenijibu alikuwa Bibi, mama yake baba. Tulikaa pamoja Mkunazini, katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja, Bibi, baba, mama na mimi. Bibi alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, naye si mtu aliyependa kukatizwa, lakini swali lile lilimpendeza. Akaweka ungo chini, akaunyanyua mkono wa kushoto. Siku zetu, alisema, nyingi hazina majina, zina namba. Mwenye jina ni Ijumaa, na maana yake ni kukusanyika, kwa sababu ndiyo siku watu wanayokusanyika msikitini. Ijumaa ikishapita watu wanaanza kuhesabu upya. Ya kwanza, ambayo wazee waliiita mosi, ndiyo Jumamosi. Ya pili Jumapili, ya tatu Jumatatu, ya nne, ya tano. Kila siku alikunja kidole, na Jumatano ngumi ikafunga.

Nikamwambia bado Alhamisi, na vidole vimekwisha. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Alhamisi nayo ni ya tano, akasema, ila hiyo ni tano ya Waarabu, wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Watu wetu walihesabu mpaka mkono ukajaa, wakaona uvivu kuanza mkono wa pili, wakaazima. Ndiyo maana juma letu lina tano mbili.

Baba alifundishwa hivyo hivyo, na Bibi huyo huyo, na kisa cha tano mbili hakikumtoka kichwani hata alipokuwa mtu mzima. Jumatano akirudi kazini huniuliza mlangoni, kabla hajavua viatu, leo tano gani, nami humjibu tano yetu. Kesho yake huniuliza tena, nami humjibu tano ya kuazima. Ulikuwa mchezo wetu wawili. Hatukuucheza mbele ya wageni, na hata binamu zangu hawakuujua.

Bibi alinifundisha jambo jingine siku ile, ambalo watoto wa sasa wanalichanganya kila siku. Kwetu siku haianzi saa sita ya usiku kama siku ya serikali. Jua likitua siku imekwisha, na usiku unaoingia ni wa siku inayofuata. Ukisema usiku wa Ijumaa, unasema Alhamisi jua likishazama. Ndiyo maana Alhamisi baada ya magharibi wanawake wa mtaani walikusanyika kwetu, wakafukiza ubani, wakasoma Yasini, na kila mmoja akawataja maiti wake kwa majina ili thawabu ziwafikie. Usiku ule una heshima yake, na mtu akifa usiku wa Ijumaa, au mchana wake, watu humwonea wivu kidogo. Nilikuwa nikiyasikiliza haya kwa sikio moja. Sikujua kwamba yatakuja kunihusu.

Mwaka sitini na nne, majuma kadhaa baada ya mapinduzi, walikuja kumchukua baba. Ilikuwa Jumatano, alasiri imeshapita, na nilikuwa nimeshamjibu kwamba ni tano yetu. Baba hakuwa mwanasiasa. Alikuwa karani wa mizani katika ghala la karafuu, akiandika uzito wa magunia, na nadhani kosa lake lilikuwa kuandika uzito wa kweli wa gunia la mtu asiyeupenda ukweli. Wengine walisema ni nasaba yake. Wengine walisema ni kura yake. Mimi sijui, na sidhani kama waliomchukua walijua.

Walikuwa wawili, na mmoja nilimjua kwa sura, kwa sababu alikuwa akija barazani kwetu kucheza karata na kunywa kahawa yetu bure. Bunduki hakujua hata kuishika vizuri. Alisema baba anatakiwa kuhojiwa tu. Mama akauliza atarudi lini. Yule mtu akasema Ijumaa. Ijumaa ipi hakusema, na mama hakuuliza, maana mtu akikwambia Ijumaa ni Ijumaa inayokuja. Mpaka leo namchukia mtu yule kwa neno lile moja kuliko kwa bunduki yake. Angetwambia sijui, tungeteseka kwa namna nyingine.

Ijumaa ile mama alipika biriani, baba hakuja. Jumamosi nilipoamka nilielewa kwa mara ya kwanza maana ya jina lake. Ilikuwa siku ya kwanza tangu Ijumaa aliyokuwa arudi. Jumapili ikawa ya pili. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na nilifikiri wazee wa zamani walizitunga siku makusudi kwa ajili ya watu wanaongoja.

Kumwona hatukuruhusiwa. Kilichoruhusiwa ni nguo. Mtu alipeleka furushi la nguo safi kwenye lango la gereza, askari akalipokea kidirishani, akatoa furushi la chafu. Mama alichagua kwenda Ijumaa asubuhi, kwa sababu ndiyo siku aliyoahidiwa, na hakutaka mumewe akitoka siku hiyo atoke na kanzu chafu. Alhamisi alipiga pasi, akaifukiza kanzu kwa udi, akaikunja kwa mkunjo wake mwenyewe, mikono ndani, mara tatu. Akirudi na zile chafu alizinusa kwanza kabla ya kuzitia majini. Zikinuka jasho, basi mwenyewe yu hai. Nilimwona akizinusa nikaona haya, nikageuza uso.

Hakukosa. Ilikuja Ijumaa ya masika, njia zote za Mjini zimejaa maji, akaenda, akarudi buibui limemrowa mpaka magotini. Ilikuja Ijumaa watu wameambiwa wasitoke majumbani, akaenda, akarudishwa njiani mara mbili, akapita uchochoro wa tatu. Askari wa kidirishani walimzoea. Bibi alisema gereza lile lingeweza kuweka saa kwa miguu ya mkwewe.

Alikosa Ijumaa moja tu, na aliikosa kwa ajili yangu. Ilikuwa mwezi wa saba tangu baba achukuliwe. Niliugua surua, nikapanda homa ya kusema ovyo, na kutoka Alhamisi mpaka Ijumaa kutwa mama hakubanduka kitandani pangu. Furushi lilikuwa tayari mezani, nalikumbuka, nililiona nikadhani ni paka. Jumamosi asubuhi homa ikashuka, mama akatoka mbio. Alirudi kachangamka. Alikuwa akiogopa watamkatalia, lakini askari kapokea bila ya tabu, kamwambia Ijumaa, Jumamosi, yote mamoja. Na mimi nikapona.

Ijumaa iliyofuata mama alikwenda kwa wakati wake kama desturi. Aliporudi alilifungua furushi juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na kanzu ile ile aliyoipeleka asubuhi ile, imekunjwa mikono ndani, mara tatu, na udi haujatoka. Askari kamwambia mwenyewe kahamishwa. Kahamishiwa wapi? Bara. Bara mahali gani? Askari akafunga kidirisha.

Baada ya hapo hatukusikia kitu, na hapa ndipo watu wasiokuwa wa kwetu wasipoelewa. Wanadhani tabu ya mama ilikuwa kutojua kama mumewe yu hai. Hiyo ilikuwa tabu ya mwaka wa kwanza, na labda wa pili. Mauti kwetu ni hesabu. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, tangu siku aliyokufa mumewe. Hitima ina siku yake, arubaini ina siku yake, na zote zinataka pa kuanzia. Mama hakuwa na pa kuanzia. Moyoni alishajua kwamba baba kafa. Kanzu ile ilimwambia. Lakini bila ya siku hakuwa mjane na hakuwa mke. Akialikwa arusini hajui ajipambe au asijipambe, akitia hina anasemwa, asipotia anasemwa vile vile.

Alhamisi jioni, katika Yasini, zamu yake ikifika aliwataja wazazi wake wawili akanyamaza. Jirani mmoja, mwanamke mwema masikini, siku moja alimsaidia, akalitaja jina la baba kwa sauti ndogo miongoni mwa maiti. Mama alimwuliza, ikiwa anamzikia mumewe, amtajie na siku aliyokufa, amsaidie na hilo. Alimwuliza kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya. Jirani akaondoka kabla ya dua, hakurudi mwaka mzima.

Maisha yalikwenda, kwa sababu hayana adabu ya kusimama. Skuli tulifundishwa nyimbo mpya. Jumapili, ile ya pili, tulipelekwa kujitolea kubeba mawe kwenye majenzi. Ati kujitolea, na asiyejitolea anaandikwa jina. Nilibeba mawe yangu, nikawa nahesabu hatua, mosi, pili, tatu, na kichwani namwona askari akifunga kidirisha. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa hasira, na hasira inabeba mawe vizuri.

Mwaka wa nne ami yangu, mdogo wake baba, alianza kuja kwetu na maneno ya sheria. Alisema mume akipotea miaka minne kadhi anaweza kuhukumu kwamba amekufa, na ni kwa faida ya mama, apate kuwa huru. Faida ya mama alianza kuijali baada ya kuikumbuka sehemu yake katika nyumba. Mama alikataa mara tatu. Mara ya nne alikubali, na alikubali kwa sababu moja tu, alidhani kadhi anazo njia za kuuliza serikalini, na serikali itamjibu kadhi siku aliyokufa mtu.

Nilikwenda naye. Kadhi alikuwa mzee wa heshima, sina ubaya naye. Alisikiliza mashahidi, akafungua kitabu, akasema serikalini kauliza na hakujibiwa, basi sheria inamhesabu mtu huyu kuwa amekufa kuanzia hukumu hii, na eda inaanza leo. Leo yenyewe ilikuwa Jumanne.

"Kwa hivyo mume wangu kafa leo, Jumanne?" mama akauliza.

"Mbele ya sheria, ndiyo."

"Leo asubuhi nilikuwa nafua," mama akasema. "Mbona sikusikia kitu?"

Ami akamvuta mama ukingo wa buibui. Nilikuja kujua baadaye, kwa karani wa pale, kwamba kesi za waume waliopotea zilisikilizwa Jumanne kwa kuwa Jumatatu ilikuwa siku ya talaka na Jumatano siku ya mirathi. Zingepangwa Alhamisi, baba yangu angekufa Alhamisi.

Mama alikaa eda ile yote, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki, hajifukizi. Akiulizwa alisema amemkalia eda kadhi. Ilipokwisha ami alichukua chumba cha chini akakipangisha, na tangu hapo hatukumwona ila sikukuu. Bibi hakuikubali hukumu hata siku moja. Jumanne ni siku ya kadhi, alisema, si ya mwanangu. Na Alhamisi, katika Yasini, wote wawili waliendelea kuliruka jina lake. Mama hakuomba tena arudi. Naandika hivi na najua uzito wake. Alichokuwa akikiomba kila sala ni siku, siku moja ya kweli, hata ingekuwa mbaya, apate kuizungushia hesabu yake.

Ikaja miaka ya sabini, tunapanga foleni ya mchele, ya unga, ya sukari. Jumatatu moja, alasiri, mtu alibisha hodi. Nilikuwa nimekuwa msichana mkubwa, nikateremka kufungua. Nilimwona mtu mrefu aliyekonda, kanzu si yake, meno ya mbele hana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama hii ni nyumba ya fulani, akalitaja jina la baba. Miaka mingapi sijalisikia jina lile katika kinywa cha mwanamume mgeni.

Nilimkalisha ukumbini. Mama na Bibi wakakaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, na mimi nikawa katikati na birika la kahawa. Sukari haikuwepo, foleni ya mtaa wetu ilikuwa Alhamisi. Alisema alifungwa chumba kimoja na baba, mwaka ule ule wa mwanzo. Baadaye yeye ndiye aliyepelekwa Bara, na mwezi huu ndio kaachiwa. Mama akauliza kuhusu baba, alihamishiwa wapi.

"Hakuhamishwa popote, shemeji," akasema. "Kafia hapa hapa Unguja."

Kutoka mlangoni kwetu mpaka lango lile, mtu akienda kwa mwendo wa kawaida, hata jasho halimtoki. Nilisikia Bibi akivuta pumzi. Mama hakulia. Aliuliza neno moja, siku gani.

"Ijumaa," yule mtu akasema. "Ijumaa, baada ya alfajiri."

Bibi akasema alhamdulillahi, na sauti yake ilikuwa ya furaha, Mungu anihukumu nikisema uongo. Mimi pia nilifurahi. Furaha yangu ilidumu kiasi cha kumimina kikombe kimoja. Kwa sababu mama alikuwa mtu wa kupima, miaka ile yote ilimfanya hivyo, na alimwuliza mgeni, bila ya haraka, ndani ya gereza walijuaje siku.

Yule mtu alieleza kwa moyo safi, hakuona anakokwenda. Alisema askari ukiwauliza siku walifanya mchezo, huyu anakwambia Jumatatu, yule anakwambia Alhamisi. Adhana walikuwa wakiisikia, lakini adhana inakwambia wakati, haikwambii siku. Baba ndiye aliyetunza hesabu kwa niaba yao. Chumbani walikuwa watu tisa, na wanane kati yao jamaa zao wako mbali, Pemba, Nungwi, wengine wameshakimbia nchi. Nguo zilizokuja kila juma zilikuwa za baba peke yake. Furushi likiingia, ni Ijumaa, na kutoka hapo baba alihesabu kwa vidole mpaka furushi jingine.

"Na mwenye hesabu akishakufa," mama akasema, "nani alokwambia ilikuwa Ijumaa?"

Yule mtu alikiweka kikombe chini.

"Nisamehe, shemeji. Nimekwenda nyumba nyingi tangu nimetoka, na wote nimewapa Ijumaa. Nilitaka nikupe kitu."

"Siku ya kupewa nshapewa na kadhi. Mimi nnataka ya mume wangu."

Basi akasema ukweli. Kila alfajiri baba aliamka kabla yao akawatangazia siku. Jumatano hakusema Jumatano, alisema leo tano yetu, na kesho yake alisema leo tano ya kuazima, na wenzake wakacheka kwa mazoea, hata wasioelewa. Maneno yale hakuna mtu wa nje aliyeyajua. Baba aliugua tumbo la kuhara damu, akawa mifupa, lakini kutangaza hakuacha. Asubuhi ya mwisho alitangaza tano yetu, kwa sauti ya kuomba radhi. Jua likazama. Usiku ule, kabla ya alfajiri, akafa, na asubuhi yake hawakupata mtu wa kuwaambia ni siku gani. Maiti alitolewa kabla hakujapambazuka vizuri.

Nyuma ya pazia nilimsikia mama akihesabu. Jumatano, jua limezama, basi ni usiku wa Alhamisi. Akalirudia, usiku wa Alhamisi, kama mtu anayejaribu kiatu. Haikuwa Ijumaa, na hakujali. Miaka saba alikuwa akiingoja siku, na hii ilikuwa ya mumewe kweli. Natamani mgeni angekunywa kahawa yake pale pale akaaga.

Lakini mtu akishaanza kusema kweli hajui pa kukomea. Alisema jambo moja bado linamuuma. Juma lile la mwisho baba alikufa na huzuni, kwa sababu alikosea hesabu, yeye ambaye hajapata kukosea. Aliwatangazia Ijumaa, wakakaa wakangoja nguo, nguo zisije. Zikaja kesho yake. Wenzake walimwambia huenda kule nje kuna sababu, wewe usirudishe hesabu nyuma. Alikataa kabisa.

"Alisema mke wangu hakosi Ijumaa," yule mtu akasema. "Siku nguo zilipokuja ndiyo Ijumaa, mimi ndiye nilokosea. Akatuomba radhi mmoja mmoja, kwa kuwa alikuwa katusomesha Yasini usiku usiokuwa wake."

Pazia halikutikisika. Mimi nilijua kabla hajamaliza, na namshukuru Mungu kwamba mgeni hakuwa akiutazama uso wangu. Nguo zilizochelewa zilikuwa za Jumamosi. Baba aliiita Jumamosi ile Ijumaa, na tangu hapo kila siku aliyoitangaza ilikuwa imebaki nyuma kwa siku moja. Aliposema tano yetu, huku nje ilikuwa Alhamisi. Usiku aliokufa ulikuwa usiku wa Ijumaa. Ile zawadi ya Ijumaa ambayo yule mtu alitudanganyia ilikuwa ya kweli, na safari hii hapakuwa na wa kusema alhamdulillahi.

Usiku ule ule huku kwetu tulifukiza ubani, tukasoma Yasini, tukawataja maiti wote wa mtaa, jina lake tukaliruka. Kule chumbani wenzake hawakumsomea, kwa kuwa kwa hesabu aliyoirekebisha yeye mwenyewe usiku wa Yasini ulikuwa kesho. Na asubuhi yake mama alisimama langoni na kanzu, akarudishiwa. Siku aliyoililia miaka saba alikuwa amekabidhiwa mkononi, imekunjwa mara tatu.

Mama alilivuta pazia kando, akatoka. Alitoka kichwa wazi, mbele ya mwanamume asiyekuwa maharimu wake, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya kabla wala baadaye. Hakumtazama mgeni. Alimgeukia Bibi, akapiga magoti mbele yake.

"Mwanao hakukosea," alisema. "Alihesabu sawasawa. Mimi ndiye niliyechelewa."

Bibi aliunyanyua mkono wake wa kushoto, akakunja kidole kimoja kimoja, kama alivyonifanyia mimi na ungo wa mchele, mpaka ngumi ikafunga.

"Basi kafa anajiona kakosea," akasema. "Hesabu nilomfundisha mimi."

Mama alibaki pale pale magotini. Mgeni alikuwa akitazama sakafu. Mimi nilisimama na birika mkononi, nikangoja mmoja wao anitazame, mama au Bibi, walau kwa bahati mbaya. Hawakunitazama, na hapo nikajua wote wawili wanaikumbuka surua yangu.